Kima Kichwani kwa Mzee Zakaria

Jamani, hiki kisa nakisimulia huku nimejifunika uso, maana wako wazee huku Meru ambao mpaka leo nikiwapa shikamoo hawaitikii, wanajikuna kichwa tu na kucheka.

Enzi hizo alikuwa bado anatawala Mwingereza, vita imekwisha, na mjomba wangu amerudi kutoka Burma na koti la jeshi la kuwatosha watu wawili. Mimi nilikuwa namtaka Ruti, binti wa Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, na Jumatatu mjomba alikuwa aende kuniposea.

"Zakaria anasema huna utulivu," mjomba akaniambia. "Kesho kanisani kaa benchi la nyuma yake, akusikie unavyoomba kama mtu mzima." Akaniazima na lile koti.

Sasa nilikuwa na kima mdogo, nilimwokota chini ya mibuni siku tulipofukuza kundi lao kwenye mahindi (hutoka msituni alfajiri, wanajaza mashavu kama mifuko, kisha wanakwenda kutafuna juu ya miti bila wasiwasi). Alining'ang'ania tumboni kana kwamba mimi ndiye mama yake, na nikimwacha peke yake alilia mpaka majirani wakatoka nje. Nikasema moyoni, koti ni kubwa, atalala humo ndani, ibada si siku nzima. Kosa langu ni hilo tu, jamani, hilo tu!

Kweli alilala. Tukaimba, tukaomba, mchungaji akapanda mimbarani akaanza habari za uvumilivu, ndipo kifungo kikafunguka na mkono mdogo mweusi ukatoka. Kabla sijamdaka yuko begani kwa Mzee Zakaria, anapangua zile mvi unywele mmoja mmoja, akipata kitu anatia mdomoni (alikuwa anapata nini, msiniulize mimi). Kima wakipendana ndivyo wanavyofanya, husafishana hivyo mchana kutwa. Nikanong'ona, "Shuka! Shuka, mshenzi wewe!" Mzee akadhani ni mjukuu wake aliyezoea kumchezea kichwa, akafumba macho, akalegeza shingo, akaanza kukoroma kwa raha zake. Upande wa wanawake Ruti alikuwa ameuma khanga, mabega yanatetemeka.

Mchungaji akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomwamsha mzee, akafikiri mahubiri yamekwisha, akasimama wima na kusema kwa sauti kubwa, "Amina!" huku kima amemshika masikio yote mawili.

Kanisa zima likaangua kicheko, na kima kwa woga akarukia meza ya sadaka, penye mayai na kuku na ndizi mbivu, akajaza mashavu mpaka uso ukawa mraba.

Sasa kwetu sadaka ya mazao hupigwa mnada nje baada ya ibada, na mzee aliyekuwa akinadi alikataa katakata kunirudishia kima wangu. "Kilichofika mezani pa Bwana hakirudi nyumbani bila mnada," akasema, kisha akapaza sauti, "Kima hapa! Fundi wa vichwa! Nani anaanza?" Nikataja bei. Mzee Zakaria, uso mkavu, akapandisha. Nikapandisha, akapandisha tena, nikanyamaza, maana mfuko ulikuwa mtupu, na hata ungekuwa umejaa, nitashindanaje na mtu ninayemtaka awe mkwe wangu? Roho iliniuma sana. Nilijua kima anakwenda kuuawa, na posa yangu imekufa naye.

Tena kima mwenyewe alikuwa amenirukia, akakataa kutoka tumboni kwangu, wakimvuta anapiga makelele.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Nisamehe sana."

"Marahaba. Naona mali yangu imekushika. Basi ilete mwenyewe nyumbani."

Nikamfuata katikati ya migomba, Ruti na mama yake nyuma yetu wanabanwa na kicheko. Uani mzee akavuta kigoda, akaketi, akanitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Mwambie aendelee pale alipoishia," akasema. "Na huyo mjomba wako kesho asichelewe."

Ruti nilimwoa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile naingia kanisani nikiwa peke yangu ndani ya nguo zangu, na kabla sijakaa nahakikisha aliye mbele yangu ana kipara.