Gari Lisilokanyaga Chumvi

Mimi nimeoa mwanamke mwenye gari, na kwa miaka yote ya ndoa yetu pikapu yangu inalala nje kwenye theluji. Gereji ni ya gari lake. Mle ndani kuna hita, kuna blanketi, kuna taa nzuri kuliko za sebuleni. Huyo mume mwenzangu, Pontiac nyekundu ya mwaka sitini na nane, anatunzwa kuliko mimi.

Mke wangu anaitwa Bernadine. Mchana anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno hapa Flint, mji wa viwanda vya magari, jioni anavaa ovaroli. Gari lilikuwa la baba yake, Mzee Zygmunt, aliyelinunua jipya alipokuwa kijana kiwandani. Watoto wake walipozaliwa likaachwa kwenye banda la jamaa, likaoza sakafu mpaka ukikaa ndani unaona majani chini ya miguu. Bernadine alilifufua kipande kwa kipande. Alichomelea sakafu mpya, akaisuka injini upya, akafumua kabureta na kuifunga na kuifumua tena, akiitukana kwa Kipolandi cha bibi yake. Rangi ya mwisho ilikauka Novemba. Wiki hiyohiyo theluji ikaanguka, na malori ya manispaa yakamwaga chumvi barabarani.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipokosa amani. Chumvi huyeyusha barafu, lakini hula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Kwa hiyo watu wa hapa wenye magari kama hayo hawayatoi mpaka mvua kubwa za Aprili zioshe lami. Ni sheria, na aliyemlisha Bernadine sheria hiyo tangu utotoni ni Mzee Zygmunt mwenyewe.

Mzee sasa anaishi nasi, kifua hakiwezi tena baridi, na shemeji yangu Leonard alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua akakae naye kwenye joto la Arizona. Kila mtu alijua hatarudi. Ombi lake lilikuwa moja tu: Ijumaa, kwenye mlo wa samaki wa Kwaresima kanisani, afike ndani ya gari lake, wazee wenzake wa kiwandani wamwone. Na Machi nzima haikudondosha hata tone. Barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi, kama imepakwa chokaa.

"Si ulitoe tu?" nilimwambia Bernadine. "Utaliosha baadaye."

"Utaliosha! Chumvi inaingia kwenye maungio, Dwight. Hebu itazame pikapu yako, matundu matupu."

"Ina matundu kwa sababu inalala nje, mama!"

Jumatano nilichoka kubishana. Nikachukua mpira wa maji, nikaosha barabara kuanzia kwetu mpaka kona, nikajiona mjanja kweli. Kufika jioni maji yote yamekuwa barafu, jirani ameteleza na mbwa wake, na lori la manispaa limekuja kumwaga chumvi maradufu. Bernadine alinitazama kutoka dirishani, akafunga pazia. Afadhali angenitukana.

Ijumaa ikaingia na jua, barafu yangu ikayeyuka, mvua hakuna. Nilikuwa namfunga mzee kamba za viatu nimpeleke kwa pikapu, mara nikasikia injini inanguruma nje. Bernadine alikuwa amelitoa. Mzee akajikongoja na fremu yake ya kutembelea mpaka mlangoni. Akatazama gari, akatazama barabara.

"Rudisha ndani."

"Baba, ingia."

"We mtoto una kichaa? Chumvi yote hiyo huioni? Mimi napanda pikapu ya huyu."

Huyu ni mimi.

"Baba, kesho unaondoka!"

"Naondoka mimi, gari linabaki. Rudisha, nimesema!"

Saa ile niliwachukia wote wawili. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Bernadine aliupiga usukani kwa kiganja. Kisha akatia gia, akalipeleka gari moja kwa moja kwenye dimbwi pale kona. Maji ya chumvi yakaruka mpaka kwenye vioo. Akageuza, akapita tena, akarudia, huku analia. Aliposimama mbele yetu, nusu ya chini ya milango haikuwa nyekundu tena.

"Haya," alisema. "Limeshachafuka. Sasa unaogopa nini?"

Mzee alitafuna midomo. Halafu akanikabidhi fremu.

Nilijikunja kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Kona ya kwanza: "Klachi unaiachia haraka." Kona ya pili: "Kabureta hiyo inakohoa, unaisikia?" Bernadine akajibu, "Naisikia, baba," meno ameyauma. Kisha mzee akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo. Mbele tukaanza kuwaona wazee wamesimama nje ya kanisa, wamegeuza vichwa kwa sababu ya mngurumo.

"Gari limekamilika tangu Novemba," mzee akasema. "Muda wote huo ulikuwa unangoja nini?"

Mwenye sheria ya chumvi ndiye aliyekuwa anauliza. Bernadine akalipita lango la kanisa, safari ya baba yake isiishie pale, akatia gia ya nne.