Maji ya Mabula

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Mama Kulwa akinisikia atanuna, lakini ndiyo kweli. Ilikuwa Nyarugusu, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye miguu yote miwili mizima. Wewe umekuja kuniaga kwamba Jumatatu unakwenda hukohuko kuchimba dhahabu. Sikuzuii. Mimi ni nani nikuzuie, nami nilitoroka hapahapa Kishapu nikaiacha pamba ya baba shambani haijavunwa? Keti kwanza. Chai haijachemka, na haya ninayokuambia hayasikilizwi kwa kusimama.

Tulikuwa watu wanne kwenye duara moja. Shimo tunaliita duara. Linashuka wima kama kisima, kisha huko chini linageuka njia ya kutambaa, na njia hiyo inashikiliwa na magogo yanayoitwa matimba. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Luhende, mtu wa huku kwetu, mkavu wa maneno. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna anayeshuka kabla yeye hajatangulia na mpini wa nyundo, akagonga timba mojamoja na kusikiliza. Alisema timba zima huitika, lililooza hunyamaza. Ya pili, kila mtu ashuke na maji yake mwenyewe, yamefungwa kiunoni.

"Ng'wanawane," aliniambia siku ya kwanza, kama tunavyomwita mtoto Kisukuma, "chini kule mtu anaweza kukuazima tochi, anaweza kukuazima sururu. Maji ya mwenzako usiyategemee."

Tulimcheka. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwigiza anavyotega sikio kwenye gogo kama mganga anayepiga ramli. Kambini kote walicheka, hata mama lishe aliacha chungu chake kuja kutazama. Ujana ni moshi, mwanangu, na mimi nilikuwa moshi mzito.

Kambini waliniita Mwinjilisti. Nilibatizwa nikiwa mchanga, sala zote nilizijua, na sauti nilikuwa nayo. Kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye niliyeomba kwenye mdomo wa shimo, wenzangu wakiwa wamevua kofia. Lakini sala ile iliishia hapohapo mdomoni. Nilikuwa naishi na mwanamke bila ndoa, mwaka wa pili ulikuwa unapita sijaungama, na Jumapili nilikuwa nikilala mpaka jua linaingia kibandani na kunitoa kwa nguvu. Watu waliyaona hayo wakanyamaza, kwa maana kule kila mtu ana yake.

Mabula peke yake aliniamini. Alikuwa rika langu na rafiki yangu. Kwao hawakuwa Wakristo, baba yake alikuwa mtu wa kutambikia mizimu ya ukoo, na yeye hakuwahi kuingia kanisani hata kwa kujikinga mvua. Maneno niliyoyasema kwa mazoea yeye aliyachukua kweli. Akaanza kuniuliza maswali tukila, tukiponda mawe, tukioga. Aliniuliza hata kama mtu akikaribia kufa na padri hayupo, itakuwaje. Nikamjibu kwa maringo kwamba Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, maji na maneno matatu vinatosha. Siku moja akaniambia, "Nipeleke kwa katekista. Nimeamua."

Nikamwambia Jumapili ijayo. Ilipofika nikasema nimechoka. Iliyofuata nikasema njia ina matope. Nilikuwa naogopa, mwanangu, sina jina jingine la kulipa jambo lile. Nilijua katekista akiniona ataniuliza mimi kwanza, na wewe je, uko wapi siku hizi? Nikamzibia mwenzangu mlango kwa sababu mimi mwenyewe niliona haya kuingia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Yangu hayajapona mpaka leo.

Basi mvua ile ikanyesha. Mzee Luhende alikuwa ameitwa Tinde kwenye msiba wa dada yake, na kabla ya kuondoka alituagiza mtu asishuke mpaka arudi. Lakini siku ya tatu jua likatoka, nasi tulikuwa tumekwisha kuuona mwamba wenyewe, ule tuliokuwa tukiufukuza tangu kiangazi. Wachimbaji wa duara la jirani walikuwa wakigonga upande wa pili, tunawasikia. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Nikasema, "Tunaingia mara moja, tunatoa viroba viwili, tunatoka." Nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Matimba sikuyagonga. Maji yangu niliyaacha kibandani, maana ni mara moja tu.

Mwenzetu mmoja alibaki juu kwenye kamba. Mabula alishuka na chupa yake kiunoni.

Chini kulikuwa na joto la kuchemsha ubongo. Kiu ikanishika. Nikamwomba Mabula maji akanipa. Baadaye nikamwomba tena, akanipa tena, akicheka kwamba Mwinjilisti anakunywa kama ng'ombe wa mnadani. Akaifungua chupa kiunoni akaiweka kando ili atambae kwa urahisi. Mara ya tatu sikuomba. Yeye alikuwa amenipa mgongo akichimba, nikaichukua nikaimaliza. Sikuona kama ni jambo. Maji tu, si tunatoka sasa hivi?

Timba lililotuangusha halikutoa hata mlio. Udongo ulishuka taratibu, halafu wote kwa mara moja. Vumbi lilipotulia tochi yangu ilikuwa bado inawaka, na mguu wangu huu ulikuwa chini ya jiwe. Mabula alikuwa amefukiwa mpaka kifuani. Niliweza kumfikia kwa mkono, basi. Nilikuwa nikimfuta uso.

Tulikaa hivyo muda mrefu, tukisikia kwa mbali watu wakichimba kutufuata. Pumzi yake ilianza kukatika. Akaniambia, "Mwinjilisti, hawatafika. Nibatize."

Nikamwambia watafika, nyamaza, usimalize hewa.

"Ulisema Mkristo yeyote anaweza. Maji yangu yapo hapo nyuma yako. Chukua."

Mwanangu, nimesimama mbele ya hakimu mara moja katika maisha yangu kwa kesi ya mpaka wa shamba, na sikuogopa. Pale niliogopa. Nilichukua chupa ile nikaitikisa, kana kwamba Mungu angenihurumia akaijaza. Mabula akasikia ilivyo tupu. Alinitazama, akaelewa, na hakunilaumu. Heri angenitukana.

"Basi sema maneno tu," akasema.

Nikayasema. Yale niliyoyajua tangu utoto, niliyasema makavu, midomo yangu ikiwa bado ina unyevu wa maji yake. Akaitikia amina. Hakusema neno jingine tena.

Walitufikia kesho yake asubuhi. Mzee Luhende alikuwa amerudi, naye ndiye aliyenitoa kwa mikono yake. Alinilaza kwenye turubai, akanikagua mguu. Nilitegemea anipige. Akaniuliza, "Maji yako yalikuwa wapi?" Akaniuliza mara ya pili, kwa upole zaidi, kisha akainuka akaenda kumfunika Mabula kwa koti lake. Hakuniuliza habari ya matimba wala habari ya agizo lake, na mpaka anakufa hakunisemesha tena juu ya siku ile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe unaniona ninavyochechemea, ukadhani ni methali ya watoto wa shule.

Katekista alinijia nikiwa ninauguza mguu. Nilimweleza yote nikilia. Akaniambia Mungu hapungukiwi maji, na mtu aliyeyatamani vile hawezi kuachwa nje. Ninaamini. Kwa ajili ya Mabula nina amani. Kwa ajili yangu, majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea muda mrefu kuliko wajukuu zangu wote mnaowajua.

Sasa sikia, ndilo nililokuketishia. Ukristo ni kushuka na kupanda kila siku, na siku ya udongo hatuijui. Usiniambie utajitengeneza ukishapata, ukishajenga, ukishaoa. Ungama ukiwa na afya. Patana na ndugu yako kabla ya kupanda basi hiyo Jumatatu. Najua hamsemezani, usinitazame hivyo. Kila asubuhi gonga matimba ya moyo wako mwenyewe, na lile linalonyamaza usilipite. Usiishi kwa sala za mama yako wala kwa sauti nzuri ya kwaya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wazee wenzangu wa kanisa hukasirika nikiitamka methali hii, lakini sijapata nyingine inayoifikia. Na mtu akikuomba umwonyeshe njia ya kwa Mungu, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama wewe mwenyewe unanuka. Mtaoshwa pamoja.

Watoto hapa hunicheka kwamba babu hawezi kwenda hata chooni bila chupa ya maji. Wacha wacheke. Nami nilimcheka Luhende.

Hii hapa, ishike. Nimeijaza asubuhi hii kisimani. Mungu wa baba zako akutangulie shimoni na akutangulie kutoka. Akulinde na mvua, na haraka, na rafiki mwenye maneno matamu kama nilivyokuwa mimi. Na siku atakapokuita, iwe mapema au umechakaa kama mimi, akukute na maji yako mkononi, na ya kumgawia Mabula wako. Nenda, mwanangu. Kampatie ndugu yako mkono kwanza.