Maji ya Mtungi Sikioni mwa Rubani

Siku yangu ya kwanza katika zahanati hapa Amu nilikabidhiwa bomba la shaba, nikaambiwa nijifunze kuosha masikio. Nilikuwa na hamu ya kupasua na kushona watu, kwa hiyo nilinuna. Nyinyi mnaosomea uuguzi siku hizi msinune, maana nta ya sikio imenifundisha mengi kuliko kisu.

Nilipelekwa Kipini, kisha Faza, nikarudi Amu chini ya Daktari Msaidizi, Mgoa mnene mwenye subira. Alikuwa na sharti moja: maji ya kuoshea sikio yawe vuguvugu, joto la mwili wa mtu.

Asubuhi moja akaja Bwana Athmani, rubani wa kuongoza vyombo katika Mkanda, ule mkondo mwembamba wenye mikoko huku na huku. Sikio lake moja lilikuwa limeziba, na kesho yake alitakiwa kuipitisha meli ndogo ya serikali kwenda Faza. Mkewe, Bi Zena, hakuyaamini maji yetu. Alikuja na yake, yamelala mtungini usiku kucha, baridi na yenye harufu nzuri, kama anayemkirimu mgeni.

"Tuyapashe moto kwanza," alisema Daktari.

"Mai haya yamefukizwa ubani," akajibu Bi Zena. "Yakitiwa moto yaharibika."

Wakavutana, na Daktari, ambaye hakuweza kumkatalia bibi wa watu, akashindwa.

Bomba la kwanza tu, Bwana Athmani akakamata kiti kwa mikono miwili. "Nyumba yazunguka," alisema, akatapikia viatu vya Daktari.

Bi Zena akasema ni pepo. Daktari akamwambia mgonjwa afumbe macho aonyeshe kibla. Akanyoosha kidole upande wa Shela, kusini kabisa, na kibla hapa kwetu ni kaskazini. Alipofumbua macho na kuona alikoonyesha, machozi yakamtoka. "Nimepotewa na ndia," alisema. "Rubani asoyua ndia ni nani?"

Daktari alieleza huku akipangusa viatu. Ndani ya sikio mna vifereji vitatu vyenye maji. Kichwa kikigeuka, maji husogea, na ubongo hujua mtu ameelekea wapi. Baridi ya mtungi ilikuwa imeyasogeza maji yale, ubongo ukadhani kichwa kimegeuka. Tukangoja, kizunguzungu kikapita, tukamaliza kwa maji vuguvugu, na nta ikatoka kama kokwa ya tende. Kibla akakionyesha sawasawa.

Lakini moyo wake haukurudi. "Yakinirudia katikati ya Mkanda?" aliuliza. "Sipandi."

"Basi nami napanda," alisema Bi Zena. "Nina ndugu yangu Faza, siku nyingi siyamuona."

Bibi huyu hakuwa na desturi ya kutoka mchana hata kwenda mtaa wa pili. Nilitumwa kuwasindikiza. Aliketi nyuma ya mumewe, buibui limemfunika uso, na kila penye kona Bwana Athmani aliuliza kwa sauti ndogo, "Ndiko?" Naye akajibu, "Ndiko, bwana." Tulipofika Faza rubani alikuwa akicheka na mabaharia.

Sasa nimestaafu. Habari ya vile vifereji nimewafundisha wauguzi wengi, na ni kweli tupu. Ila sikuwahi kuwaambia nilichoambiwa na Bi Zena tuliposhuka, nilipomuuliza Mkanda ameujulia wapi.

"Mimi?" alisema. "N'likuwa nimefumba mato, mwanangu, tangu tulipong'oa nanga."