Wanaokula Chungu Kimoja

Neno kushirikiana lilikuwa limenichosha hata kabla halijanidhuru. Mashirika ya chakula hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, yalikuwa yamegundua kwamba kila moja lina orodha yake: lile linaloleta mahindi na maharage, lile linalotuma pesa kwenye simu, na lile la lishe ya wajawazito. Yakaamua kuwa na orodha moja. Sisi waandikishaji tukapelekwa mjini Mbarara, katika ukumbi wa hoteli huko Kakiika, tukala sambusa na kupigwa picha. Niliona ni wazo zuri, na hadi leo naona hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kaya, walitufundisha, ni watu wanaokula chungu kimoja. Basi kwenye kila mlango unauliza: mnakula na nani? Jibu unaliingiza kwenye tableti, unasonga mbele.

Siku ya mwisho nilifika mtaa wetu wenyewe. Mlango wa mwisho ulikuwa wa jirani yangu, mama mjane aliyekimbia vita vilevile vya Kivu ya Kusini vilivyonikimbiza mimi, ila yeye alifika bila mtu. Alikuwa na kadi yake ya chakula na jiko lake. Kwetu alikula Jumapili tukitoka kanisani, pengine na siku ya ugonjwa, basi. Hayo nilikuwa nayajua. Nikamuuliza tu, kwa sababu kazi ilitaka niulize.

"Mama, munakulaka na nani?"

"Na weye, mutoto wangu. Tunakulaka wote."

Kwetu Kivu hakuna jibu lingine. Ukiulizwa mbele za watu kama unakula kwa jirani, unaitika, hata kama mara ya mwisho ilikuwa Krismasi. Kusema hapana ni kumtangaza mwenzako kuwa mchoyo. Mwandikishaji Mganda asingelijua hilo, angeuliza mara ya pili, na angepata ukweli. Mimi nilikuwa nalijua, miguu ilikuwa inaniuma, na kusema kweli nilifurahi kusikia anavyonisifu. Nikaingiza jina lake chini ya langu.

Mgao uliofuata, kadi yake ilikataliwa. Tulikuwa kaya moja sasa, na kaya yangu, yenye watu wazima wawili wenye nguvu na kishamba, ilishawekwa kati ya wale wanaoweza kujitegemea. Kishamba chenyewe jua lilikuwa limekikausha. Mama akaanza kula kwetu kweli, kila siku, na kila siku kwetu ilikuwa mlo mmoja. Watoto wangu wakawa wanatazama mkono wake unavyokwenda kwenye sahani. Niliwachapa kwa hilo, kisha nikajionea haya, maana hata mimi nilikuwa natazama.

Nikaenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi. Watu wa mahindi wakasema orodha iko kwa watu wa pesa. Watu wa pesa wakasema orodha ni ya wote, kwa hiyo hakuna anayeweza kuigusa peke yake, niende Mbarara. Nikaenda Mbarara. Dada mmoja mpole akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji, akaniambia mambo kama hayo yanarekebishwa Base Camp, mkuu wa kaya akitamka mwenyewe kwamba mtu huyo hali kwake. Wote walikuwa na adabu. Ningempata hata mmoja wa kugombana naye, ningepumzika.

Asubuhi ya kwenda kutamka, nilimwambia mama njiani asiyaweke moyoni nitakayosema. "Sema tu, mutoto wangu," akajibu. Nadhani alifikiri nakwenda kuomba.

Ofisa alikuwa kijana wa Kinyankore, mwenyeji wa huku, mchovu kama mimi. "Mama, kompyuta inasema nyinyi ni nyumba moja," akaniambia. "Huyu mukaikuru, huyu bibi, anakula kwako ama hapana?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akasogea mbele. "Ninakulaka kwake kila siku. Ananitunzaka muzuri. Andika ivyo."

Ofisa akaondoa vidole kwenye kompyuta, akanitazama. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na nusu yao walikuwa watu wa kanisa letu.

"Anasema uongo," nikasema. "Hakulaki kwangu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akaandika. Nikabonyeza kidole gumba kwenye mashine, na kadi ya mama ikarudishwa, ila ingeanza kufanya kazi mgao ujao. Nilitaka kumshika mkono tulipotoka, lakini alikuwa ameutia ndani ya kitenge. Alitangulia mbele yangu hadi nyumbani. Niliona aibu, nikaona na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Jioni nilipika ugali na sombe ya majani ya muhogo. Nikampakulia kwanza yeye, nikaipeleka sahani mwenyewe. Alitoka, akasimama mlangoni, akaitazama sahani lakini hakuipokea.

"Nimeshakula, madame," akasema. "Aksanti."

Madame ndivyo tunavyowaita wanawake wa ofisini. Nyuma yake niliona mafiga, majivu yake baridi, na mgao ulikuwa bado wiki mbili.