Majina ya Samaki wa Mama Mikindani

Somoe alikuwa na miaka kumi na tisa alipopandishwa Newala kuolewa na Nurdini, mchuuzi wa samaki wakavu. Mume akafa, naye hakujaliwa mtoto. Kwa kuwa hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia, watu wa sokoni walimwita Mama Mikindani, kwa mji alikotoka. Aliendelea kuuza samaki. Wanunuzi hawakuuliza majina ya samaki hao. Walichagua mkubwa wakaenda zao.

Mwaka 1955 kituo cha utafiti wa bahari cha Unguja kilileta maonyesho. Picha zilitundikwa hemani karibu na boma, na karani kijana, Rajabu, akawa anawaeleza watu. Wengi walicheka meno ya papa, wakatoka. Somoe alibaki.

"Huyu mmemwita pono," alisema. "Kwetu ni kangu."

Rajabu alimwamkia, akamvutia kiti, akamwuliza na mengine. Somoe akamweleza jinsi wanawake wanavyoshuka mwambani maji yakitoka, wanavyolitambua shimo la pweza kwa makombe ya chaza yaliyotupwa mlangoni, na kwa nini mama yake alimkataza kumtoa jike anayelinda mayai. Ilikuwa miaka kumi na minane tangu mtu amwulize habari za pwani. Sauti ilimkauka, lakini hakutaka kunyamaza.

"Wakubwa zangu hawayajui haya," Rajabu alisema. "Tutayatia kitabuni, nami nitakuletea."

Kitabu kilifika baada ya mwaka, kwa anwani ya shule ya misheni. Mwalimu Julia akamsomea barazani. Kangu alikuwamo, na pweza jike na mayai yake. Jina la Somoe halikuwamo; iliandikwa tu kwamba habari zilitoka kwa wenyeji wa kusini. Julia aliona uchungu kwa ajili yake. Somoe alisema si kitu, asome tena ule ukurasa wa pweza.

Mwezi uliofuata Julia alimwita darasani awasimulie watoto habari za bahari. Binti mmoja, ambaye mama yake hushuka bondeni kila alfajiri kuchota maji, aliuliza kwa nini watu wa pwani hawagawi maji yao.

"Yana chumvi, hayanyweki," Somoe alijibu. Akaongeza kwamba kila siku huondoka, yakarudi.

Watoto walitazamana, naye akajua hawakumsadiki. Alhamisi iliyofuata alikwenda tena, kwa kuwa Julia alimwomba, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kusemea habari za pwani.