Muuaji Hapigi Hodi

Mimi ni mtu wa Bukavu, na mtu wa Bukavu haogopi kelele. Anaogopa miguu inayosimama. Miaka ile tulipokaa Hässelby, kule Stockholm, mwisho kabisa wa treni ya kijani, nikisikia mtu anapanda ngazi za jengo letu nilizima redio. Akipita, asante Mungu. Akisimama, nilisogea mlangoni kusikiliza. Wala sikuwa nikiuogopea mlango wangu. Niliuogopea mlango wa jirani, mzee Mfaransa aliyekuwa mchora katuni.

Nilimwita Papa, yeye akaniita Madame, tukaelewana kwa Kifaransa changu cha shule ya masista. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Shuleni alimchora padri kama bata bukini, akazabwa kofi. Jeshini akamchora kanali wake makalio yakiwa mahali pa uso, wakamweka ndani. Akaenda Paris, akaingia kwenye gazeti dogo la dhihaka lililokuwa likiburutwa mahakamani kila mara. Marais, maaskofu, matajiri, wote aliwapa pua ndefu. Waziri mmoja, badala ya kukasirika, aliomba mchoro wake autundike sebuleni.

"Siku hiyo nililia," aliniambia. "Nilijua nimemchora vibaya."

Halafu akampenda mwanamke wa Kiswidi, akamfuata Stockholm, akamzika hukuhuku. Alipostaafu alibaki na kalamu zake na mdomo wake. Na mdomo alikuwa nao, jamani! Alinichora nasonga ugali, mikono kama ya bondia, nikamnunia siku nzima.

Kisha gazeti moja likamwomba mchoro mmoja tu. Wakati huo katuni zilikuwa zimeanza kutoa watu roho. Nikamwambia, "Papa, wewe umeshazeeka. Nyamaza, ule sombe yako." Akachora. Simu zikaanza. Sauti inamtaja jina, inataja mtaa wetu, inakata. Polisi wakaja, wakanywa kahawa, wakamwambia awe mwangalifu. Eti awe mwangalifu! Mzee akaanza kulala kwenye kiti, amevaa viatu.

Kule kila mlango una jina la ukoo juu ya tundu la barua. Akalibandua lake. Lakini mlango mmoja usio na jina kati ya yote yenye majina, si ndiyo kuonyesha kidole? Akaja kwangu, lile jina alilolibandua bado liko mkononi.

"Madame, niazime jina lako."

Mume wangu, aliyekuwa akifagia ofisi za Kista na kurudi hoi, alisimama wima. "Umerogwa? Tumekimbia vita, sasa unavialika mlangoni?" Alikuwa na haki. Nami niliogopa, tena sana, niliogopa kwa ajili ya watoto wangu. Lakini kwetu, wakati wa vita, tulifichwa na watu tusiowajua hata majina. Ningemkatalia mzee wa watu kwa kinywa gani? Nikabandika jina letu mlangoni pake.

Nikamfundisha na neno. "Papa, muuaji hapigi hodi. Wale waliokuja kwetu walivunja tu. Ukisikia kengele, usifungue hata iweje. Ukisikia hodi, ni mimi." Akajifunza. H ilimshinda, kama inavyowashinda Wafaransa wote, akawa anasema "odi", na "karibu" yake ilitokea kooni kana kwamba anasukutua. Tukacheka. Kila nilipompelekea chakula niliita hodi, naye akaitika, akatoa mnyororo. Akaanza tena kulala kitandani.

Sasa, Warundi wa kanisani kwetu, wanaokaa Vårby gård, walikuwa na harusi. Wakaazima mchi wangu wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Harusi ikaisha. Jumamosi moja mchana nilikuwa naosha vyombo nikasikia miguu mizito ngazini. Ikasimama. Nikafunga bomba.

"Hodi!"

Sauti ya mwanamume, na si kwangu. Kabla sijapumua nikasikia ile karibu ya kooni, yenye furaha kabisa. Mnyororo ukatoka. Kikafuata kilio, na kishindo.

Nilitoka mbio, mikono ina povu. Mlangoni kwa mzee alisimama shemasi wa kanisa letu, ambaye hakuwahi kufika kwetu, begani ana kitu kirefu kilichofungwa shuka jeupe. Aliona haya kupanda treni na mchi mtupu.

"Mama, nimesoma jina lenu hapa," alisema, akiuonyesha mlango. "Nimeleta mchi."

Papa alikuwa sakafuni, mikono juu, anasema, "Usipige, usipige."

"Si bunduki, Papa! Ni mchi!" Lakini mchi kwa Kifaransa ni nini? Masista hawakunifundisha. Neno lililonijia ni rungu. Nikapiga kelele, "Ni rungu tu, Papa, ni rungu!" Akajifunika kichwa.

Mungu wangu. Jina lilikuwa langu, neno langu, mchi wangu. Iliyovunjika ni nyonga yake.

Aliporudi kutoka hospitali, anatembelea magongo, nilimpikia sombe, nikasimama mlangoni pake.

"Hodi, Papa."

Nilimsikia akipumua upande wa pili. Kifuniko cha tundu la barua kikainuka, karatasi ikatoka. Alikuwa amejichora mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na pua ndefu kuliko ya marais wote. Amepiga magoti, mikono juu, mbele ya mchi uliovaa shela ya bibi harusi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na ndani nikamsikia naye anacheka kidogo. Nikasema, haya, yamekwisha.

"Hodi basi, Papa. Chakula kinapoa."

Kicheko kikakatika. Mnyororo haukutikisika.

"Madame," alisema polepole, "nakuomba, bonyeza kengele."

Nikabonyeza.