Makopo ya Simiti Nyuma ya Zizi

Nilipokuwa kijana pale Embu nilikuwa nainua vyuma. Halafu nikaoa, nikapata kazi ya kukaa kwa kiti, nikaacha kwa miaka mingi na kuota kitambi. Huku kwetu Meru kitambi cha mume ni sifa ya mke, kwa hivyo hakuna aliyenisema.

Nilipoanza tena nilijificha nyuma ya zizi, na makopo mawili ya rangi niliyoyajaza simiti na kuyaunganisha kwa bomba. Mtu mzima wa kanisa kuhema na makopo, niliona haya. Nikaongeza maharagwe na mayai, nikapunguza mukimo wa viazi na mahindi. Misuli ya mikono ilirudi haraka kuliko nilivyostahili, lakini ilikuwa ndani ya koti. Watu waliona tu uso umekonda na suruali imelegea.

Jumapili moja mama mmoja akamwambia mke wangu mlangoni mwa kanisa, "Mama, huyu mzee siku hizi humpikii? Ama ni mgonjwa na mnatuficha?" Wenzake wakacheka. Sidhani alikuwa na ubaya; hata mimi ningeuliza. Mke wangu, aliyejua yote, alinitazama. Nikaangalia viatu vyangu.

Tulipofika nyumbani akasema, "Baba, nimeitwa mchoyo kwa sababu yako."

Nikayatoa makopo hadi mbele ya nyumba, kando ya njia, wale akina mama wakiwa bado wanapita. Nikavua koti. Sikuinua vizuri, na walicheka tena, lakini sasa walikuwa wananicheka mimi.